Betri Moja Inachoka, Nyingine Inachemka

6 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mota zako mbovu unazozisuka waya upya. Huku hatujambo. Mvua bado zinatuzungusha, na bomba la mtaani linatoa maji siku moja kisha linapumzika mbili, kama mtu mwenye cheo. Nimekata nywele zangu zote kwa sababu zilikuwa zinanasa kwenye boneti. Wote wanakusalimu.

Sasa shida iliyonishikisha kalamu. Lile lori la jeshi ambalo marehemu baba alilinunua kwenye mnada akaliita Kobe ndilo linalonilisha siku hizi. Tangu mwaka jana nabeba mabomba na mitambo ya kikosi kinachochimba visima. Injini haina neno. Kinachonitesa ni umeme. Nikishinda nyumbani siku mbili tatu bila safari, asubuhi nikiwasha stata inaguna mara moja na kukata, na taa za mbele zinabaki nyekundu kama zina usingizi. Watu wakinisukuma, Kobe anawaka, na siku hiyo nzima anatembea vizuri. Nikipumzika tena, tumerudi palepale. Nimeshabadilisha betri, na hizo nazo zinaelekea kuzimu.

Mkuu wa kikosi, tunayemwita Bwana Haraka, amesema mbele ya wenzangu kwamba mwisho wa mwezi wa tano tunahamia kazi kubwa ya mbali. Huko hakuna watu wa kusukuma lori. Kobe akishindwa kuwaka kwa stata yake hata asubuhi moja, yeye atatafuta lori jingine. Simlaumu. Lakini nikiikosa kazi hii sina nyingine, na Kobe hana mnunuzi isipokuwa watu wa chuma chakavu.

Fundi wa hapa, jina lake la mtaani Chaji, aliniambia niwashe injini, kisha akachomoa waya wa betri ikiwa inaunguruma, eti aone kama alteneta inachaji. Taa ziliwaka kali ajabu, zikazimika. Alteneta ikafa papo hapo. Nimeweka nyingine na ugonjwa haujabadilika.

Wewe umeishi na magari haya miaka yote uliyokuwa jeshini. Najua simu huzitaki, husema ni za watu wasio na kazi. Basi nakuandikia, na kondakta wa basi ataiacha kwenye duka la vipuri kama zamani.

Mpwa wako,
Dereva

27 Februari

Mpwa wangu Dereva,

Marahaba. Barua yako ilikaa dukani muda mrefu chini ya kopo la grisi. Hilo doa ni la grisi, usije ukadhani nimelia. Mimi sijambo, isipokuwa goti. Paka amezalia ndani ya sanduku la waya za shaba, na mota moja kubwa imebidi ingoje mpaka watoto wafumbue macho. Mwenye mota amenuna. Nimemwambia akazungumze na paka.

Umeandika kwamba wote wananisalimu. Hapo nyumbani mko wawili, na mmoja ndiye aliyeandika barua. Nimezipokea salamu za huyo mmoja.

Tuingie kazini. Kwanza, Chaji asimguse tena Kobe. Ukichomoa betri injini ikiunguruma, umeme wa alteneta unakosa pa kwenda, unapanda, unaunguza kilicho karibu. Jeshini aliyefanya hivyo alisafisha vyoo vya kambi mpaka akasahau cheo chake.

Pili, ujue unamtibu nani. Magari ya mtaani yana volti kumi na mbili. Kobe ana ishirini na nne, na anazipata kwa betri mbili za kumi na mbili zilizoshikana mikono, chanya ya moja kwenye hasi ya mwenzake. Ile yenye waya wa ethi, unaokwenda kwenye fremu ya lori, tuite betri ya kwanza. Ile inayopeleka umeme kwenye stata tuite ya pili.

Anza na waya wa ethi. Fungua, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kisha ukaze. Gari kuukuu likiumwa umeme, mara nyingi mchawi ni kutu. Halafu mtu akuwashie, wewe uweke kiganja juu ya stata. Ukihisi teke, umeme unafika. Teke likiwa dhaifu, unafika ukiwa umechoka. Baada ya hapo pitisha vidole kwenye viungo vya nyaya: chenye joto ndicho kinachozuia. Nusa pia, waya ulioungua haujifichi puani. Mwisho pima kila betri peke yake, maana nina hakika Chaji huzipima zote mbili kwa pamoja na kusema ziko sawa.

Fanya jambo moja, ungoje, ndipo ufanye la pili. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo na gari likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

Ningekuja mwenyewe, lakini goti halinipi ruhusa.

Mjomba wako

15 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo tena. Paka na wanawe hawajambo? Huku mvua imeanza kwa fujo na paa la jikoni limepata tundu jipya, kwa hiyo tunapika tukiwa tumejibana upande mmoja. Mlango wa choo umevimba haufungi. Mengine ni ya kawaida.

Nimefanya kama ulivyoagiza, moja moja, ingawa nilitamani kufanya yote kwa siku moja. Ethi ilikuwa na kutu kama ngozi ya mkate. Nilipokwangua, Kobe aliwaka vizuri asubuhi mbili, nikaanza kutamba kazini, ya tatu akanitia aibu. Kiganja juu ya stata: teke lipo, dhaifu. Viungo vyote baridi. Harufu hakuna, ila ya panya.

Sasa betri. Ya kwanza mita ilisoma kumi na moja na nusu hivi. Ya pili ilivuka kumi na tatu. Nikadhani nimekosea, nikarudia, majibu ni yaleyale. Halafu nikakumbuka kitu: ile ya pili huishiwa maji, kila wiki naiongezea, na ukifungua vifuniko baada ya safari inatokota. Ya kwanza hainywi hata tone. Na zile betri za zamani, iliyotangulia kufa ilikuwa ya kwanza vilevile. Chaji alisema ni bahati mbaya ya kiwandani. Kiwanda gani kina kinyongo na upande mmoja wa lori langu?

Bwana Haraka jana alipita akanikuta nasukumwa. Alitazama saa yake, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Na kuhusu goti. Mwaka juzi, ulipokosa mazishi ya baba, uliandika kwamba ni mgongo. Sasa ni goti. Naona ugonjwa wako unateremka. Ukifika kwenye kidole gumba cha mguu naamini utakuja.

Mpwa wako,
Dereva

24 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Watoto wa paka ni wanne na wote wamefumbua macho, sanduku nimelirudisha kazini. Huku pia mvua ipo. Kuhusu mgongo na goti sina la kuongeza.

Vipimo vyako ni vizuri, na nimefurahi kwamba ulirudia kupima. Ugonjwa ninauona hata nikiwa huku. Kuna kitu kinakunywa kwenye betri ya kwanza peke yake. Alteneta haijui kwamba betri ni mbili. Inazimiminia kwa pamoja, kama mama anayegawa uji sawasawa kwa mtoto aliyeshinda njaa na mtoto aliyekwisha kula. Yule mwenye njaa hashibi, na yule aliyeshiba anamwagikiwa. Ndiyo maana moja inachoka na nyingine inachemka. Ukinunua betri mpya hata kila mwezi, zitakufa hivyohivyo.

Kinachofanya hivyo ni kitu cha volti kumi na mbili ambacho mtu amekiunga katikati, pale betri zinaposhikana mikono, kwa sababu vitu vingi vya dukani havistahimili ishirini na nne. Tafuta waya unaotoka hapo.

Na fanya jaribio hili. Injini ikiwa imezimwa, chomoa waya wa ethi, weka balbu ndogo katikati ya waya na betri. Balbu ikiwaka wakati kila kitu kimezimwa, kuna mwizi anayekunywa muda wote. Isipowaka, mwizi ana saa zake. Basi pima betri ya kwanza asubuhi na jioni, siku ambayo Kobe hatoki.

Nijibu upesi. Mwezi wa tano hauko mbali.

Mjomba wako

7 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tundu la jikoni nimeliziba kwa lami, limevujia pengine. Naomba unisamehe, leo sina maneno mengi ya nyumbani.

Balbu haikuwaka. Nilipima asubuhi, betri ya kwanza ilikuwa imezidi kumi na mbili kidogo. Kobe hakusogea siku hiyo, mimi nilikwenda sokoni na kwa fundi wa matairi. Jioni ilikuwa imeshuka tena chini ya kumi na mbili. Ya pili haikushuka hata kidogo.

Waya upo. Unatoka katikati ya betri, unapita chini ya sakafu, unakwenda kwenye redio ya baba iliyo juu ya dashibodi. Chaji ndiye aliyemfungia, nadhani mwaka ule ule lori lilipokuja. Lakini redio yenyewe mimi siifungui. Nikiendesha napenda kuwa na mawazo yangu.

Zaidi ya hapo sijui.

Mjomba, ninaogopa. Usiku nahesabu madereva wengine wenye malori ambao Bwana Haraka anaweza kuwaita, na ni wengi. Sina ujuzi mwingine. Niambie cha kufanya.

Dereva

14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimejibu siku hiyohiyo, kondakta amesimama mlangoni anagongagonga tiketi zake.

Sikukuuliza kama ni wewe unayeifungua redio. Anayeifungua unamjua, na mimi namjua, maana umemficha kwenye barua zote hizi na nyumba yenu ina vyumba viwili. Sitakulazimisha kumtaja.

Lakini kazi yako itangulie. Kata waya ule leo, funga ncha yake kwa utepe isiguse bati. Kisha toa betri ya kwanza, uichaji peke yake mpaka ilingane na ya pili, ndipo uzirudishe pamoja. Usiruke hatua hiyo, la sivyo zitaendelea kukosana hata mwizi akiwa ameondoka.

Suala la redio niachie mimi.

Mjomba wako

25 Aprili

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kobe amepona. Tangu nilipokata waya na kuchaji betri ya kwanza, anawaka kwa stata kila asubuhi, hata baada ya kupumzika. Maji ya betri ya pili hayashuki. Nilipaswa kufurahi, na sifurahi.

Acha nimtaje sasa. Ni mama. Siku ambazo sina safari, ninapotoka tu, hupanda kwenye kiti cha abiria, anafungua redio ya baba na kukaa na kazi zake humo, kushona vifungo, kuchambua mboga. Kiti cha dereva hakigusi. Mimi nilijua toka zamani na yeye alijua kwamba ninajua, na hatukuwahi kulizungumza. Nilipokata waya alipanda kama kawaida. Nilikuwa nimerudi bila yeye kujua, niko dirishani. Alizungusha kitufe, akangoja, akazungusha tena. Akashuka na bakuli lake. Hajapanda tena mpaka leo, na hajaniuliza. Mazungumzo yetu yamebaki kuwa "chakula tayari" na "haya". Nimeponya lori nikamvunja mama.

Sikukuandikia habari zake kwa sababu jina lako halitajwi hapa tangu mazishi, na hajui kwamba tunaandikiana. Siku baba alipofariki alikupigia simu yeye mwenyewe. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Iliita mpaka ikakata, akapiga tena, na tena. Alisema uliona jina lake ukaiacha iite. Ilipokuja barua yako ya mgongo hakutaka hata kuifungua.

Sasa nina jambo langu. Jana nilizisoma barua zako zote kwa mkao mmoja. Umenifundisha kutazama, kugusa, kunusa na kupima. Chaji, pamoja na ubovu wake, kitu cha kwanza akifika husema, "Hebu washa nisikie." Kila fundi ninayemjua huanza na sikio. Wewe uliniambia niweke kiganja. Mwezi wa tatu sasa unanitibia gari, na hujaniuliza hata mara moja Kobe analia vipi.

Mjomba, ni tangu lini?

Dereva

12 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Umengoja sana, najua, na safari hii si kosa la basi. Watoto wa paka wawili wamechukuliwa, wawili wamebaki, mmoja analala ndani ya kofia yangu ya jeshi.

Pamoja na barua hii kondakta atakupa kifurushi. Ndani kuna kisanduku cha bati nilichokitengeneza. Kinapokea volti ishirini na nne na kutoa kumi na mbili, na kinakunywa kwa betri zote mbili sawasawa, hakipendelei. Waya mwekundu mnene uende kwenye chanya ya betri ya pili, mweusi kwenye fremu, na ule mwembamba uende kwenye redio. Usisahau fyuzi. Ukimaliza, weka mkono juu yake baada ya muda: kikiwa vuguvugu ni sawa, kikiunguza kizime uniandikie. Redio inaweza kuimba kutwa na Kobe asidhurike.

Swali lako la mwisho nimelisoma. Ni tangu lile jenereta la karakana ya jeshi lililokuwa likiunguruma kando yangu kutwa, kabla sijaacha kazi. Sikio moja lilitangulia na la pili likalifuata. Simu ile iliita ndani ya koti langu, koti likiwa msumarini, na mimi nimekaa chini yake nasuka mota. Hilo ubaki nalo wewe. Fundi asiyesikia mota ikizunguka, nani atamletea mota?

Niandikie Bwana Haraka amesema nini.

Mjomba wako

28 Mei

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Jikoni ni pakavu, mlango wa choo unafunga, na mimi nywele zimeanza kuota zikiwa zimesimama wima. Tu wazima kabisa.

Bwana Haraka alikuja nyumbani jana asubuhi bila taarifa, baada ya Kobe kupumzika siku nne. Hakutaka niwashe mimi. Alipanda mwenyewe, akageuza ufunguo, na Kobe akawaka kabla hajakaa vizuri. Akazima, akawasha tena, akazima. Aliposhuka alisema tu, "Jumatatu alfajiri, usichelewe." Kazi ni yangu. Nilikwenda nyuma ya lori nikalia kidogo, kisha nikaja kupima betri. Zinalingana.

Kisanduku nilikifunga kifurushi kilipofika tu. Kina uvuguvugu tu. Nilifungua redio nikaiacha inaongea yenyewe, nikajifanya nafagia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akasimama. Akauliza, "Nani ametengeneza?" Nikamwambia ni mdogo wake. Akageuka kurudi ndani, na mimi nikaona akiingia pale mlangoni jambo hili litakaa miaka mingine. Nikamwambia yote, mpaka koti na msumari.

Najua ulisema nibaki nalo mimi. Nisamehe. Lakini sikwenda kumwambia mtu, nilimwambia dada yako.

Alikaa kwenye ngazi ya Kobe. Redio ilikuwa inasoma taarifa za hali ya hewa na yeye alikuwa haisikilizi. Baadaye akasema, "Kwa hiyo miaka miwili yote nimemnunia mtu ambaye hakusikia hata kwamba nimempigia." Kisha akanikasirikia mimi kwa kuchelewa kugundua, na tangu hapo hajanyamaza. Ameniuliza unakula nini, unafuliwa nguo na nani, na kwa nini mwanaume mzima anafuga paka kwenye kofia. Nimempa barua zako azisome. Zile za betri amezisoma pia.

Kwenda kazi mpya tunapitia njia ya kwenu. Jumatano nitasimama hapo kwenye karakana yako, kikosi kimekubali tulale. Nimemweleza mama kwamba mtu kama wewe huzungumzwa naye polepole, uso kwa uso, mahali penye mwanga. Amejibu kwamba hajawahi kusema polepole na mtu yeyote na hawezi kuanza na wewe. Lakini jana nilimkuta mbele ya kioo anajaribu, anatamka jina lako la utotoni, herufi moja moja, akitazama midomo yake.

Amesema nisikuambie kwamba anakuja. Kwa hiyo ukimwona anashuka, shangaa.

Mpwa wako,
Dereva